Muhogo Usionuka

Jumapili, 9 Novemba 1997

Mvua ya kwanza imetukuta kanisani. Katekista alishindana na bati mpaka sauti ikamwisha, tukaimba tu.

Hilari ameondoka kwenda Mpanda, kibarua cha reli, mpaka mavuno. Nimebaki na binti yetu Annonciata, mwenye miaka sita, na mama mkwe wangu, Mama Marsela. Mama huyu hanipigi wala hanitukani, ila anazungumza nami kupitia kwa mbuzi wake. "Wewe mbuzi, mwambie huyo maji yameisha." Mbuzi hutafuna, mimi huchukua ndoo. Ndiyo maana nimenunua daftari. Mtu akikosa wa kusema naye ataanza kujibizana na sufuria.

Nimetoka Katumba, kwenye makazi ya Warundi. Nimezaliwa huko huko, lakini hapa Mamba bado naitwa "mgeni wa Hilari". Huu ni mwaka wa saba. Sielewi ugeni wa mtu huwa unaisha lini.

Alhamisi, 20 Novemba

Mvua.

Jumanne, 25 Novemba

Mvua. Redio inasema mvua ya mwaka huu ina jina, inaitwa El Nino. Mama mkwe amemwambia mbuzi, "Mvua yenye jina ni kama mgeni aliyekuja na godoro. Haondoki kesho." Sikujua kama nicheke au nijitazame mimi mwenyewe.

Ijumaa, 5 Desemba

Kijito kimebeba muhogo wetu wote. Nilikuwa nimelowesha viroba viwili, nikavifunga kwenye mzizi na kuviwekea mawe juu. Asubuhi nimekuta hakuna viroba, hakuna mawe, na mzizi wenyewe hakuna.

Mahindi yameoza shambani, mpunga umezama. Kilichobaki ni muhogo mchungu, ambao hata nguruwe pori wanaukwepa. Muhogo huo hauliwi hivi hivi. Unamenywa, unaloweshwa siku tatu kwenye maji mpaka uwe laini na unuke, ndipo unaanikwa kuwa makopa na kutwangwa. Mama yangu alinifundisha Katumba, akiniziba pua kwa mkono wake: "Muhogo mchungu una hasira. Hasira inatoka na harufu. Usiponuka, bado imo ndani."

Sasa nitaulowesha wapi? Na nitauanika kwa jua la nani?

Jumatatu, 8 Desemba

Nimefanya jambo. Sijui ni zuri au baya.

Nyuma ya kilima chetu kuna Jiko la Wazee. Ni mahali ardhi inapochemka. Kuna vishimo vya matope ya kijivu yanayotokota kama uji wa ulezi, yanapasuka pwaa, yanatulia, yanapasuka tena. Pembeni pana dimbwi la maji safi, ukitia mkono unautoa haraka. Watu wa hapa wanasema wazee waliokufa ndio wanaopika pale. Ukipita unavua viatu na kurusha unga kidogo. Hakuna anayepika chakula chake hapo.

Nilimwomba ruhusa mama mkwe. Akamgeukia mbuzi: "Mwambie jiko la watu haliingiliwi." Akaingia ndani.

Lakini Annonciata alikuwa amelala na maji ya chumvi tu tumboni. Nikachukua kapu la muhogo, nikavua viatu, nikarusha unga wa mwisho tuliokuwa nao, nikalitumbukiza kapu dimbwini. Nikawaambia wazee samahani kwa Kiswahili na kwa Kirundi, maana sijui wanaelewa kipi.

Jumanne, 9 Desemba

Umelainika kwa usiku mmoja! Nimeubonyeza, ukavunjika kama ndizi. Na ardhi ya kando ya dimbwi ina joto, nimeanika juu ya mkeka chini ya turubai, makopa yakakauka huku mvua inapiga juu. Nimecheka peke yangu kama mwehu.

Tena haunuki hata kidogo. Nilikumbuka maneno ya mama, nikasimama kwanza. Halafu nikajiambia, huko Katumba hatukuwa na maji ya moto. Moto unashinda kila hasira.

Jumamosi, 13 Desemba

Leo wanawake wanane wamenifuata Jikoni na makapu yao. Nimewaonyesha pa kutumbukiza na pa kuanika. Mmoja akaniita "Mama Annonciata". Miaka saba! Nilijifanya sikusikia ili arudie, akarudia.

Unga ni mweupe. Ugali una uchungu kwa mbali, tumekubaliana kuwa ni chumvi ya chemchemi. Mama mkwe amekula, kisha akasema, "Haunuki." Akanyoosha sahani niongeze. Aliniambia mimi, si mbuzi.

Jumapili, 14 Desemba

Nimemwita na jirani yangu Monika alete muhogo wake. Yeye ni Msukuma, mke wa Malale, mama yake Masalu. Walikuja na ng'ombe kutoka Shinyanga, nao ni wageni, ndiyo maana tulielewana. Kila jioni anamletea Annonciata kibuyu kidogo cha maziwa.

"Mayu," ameniambia, maana yake mama kwao, "sisi muhogo huo hatuuwezi. Bado tuna mahindi ya ghalani na michembe ya viazi. Kuleni tu nyie."

Alhamisi, 25 Desemba

Noeli. Ugali, kisamvu, mvua. Nimeimba mpaka nimekauka koo. Nina furaha, naandika wazi, nina furaha.

Ijumaa, 9 Januari 1998

Kizunguzungu baada ya kula. Labda nina mimba. Labda ni mvua.

Jumamosi, 17 Januari

Si mimba. Mama mkwe naye ana kizunguzungu, na kwa umri ule itakuwa ni ajabu ya mwaka.

Kishimo kipya cha matope kimefunguka katikati ya njia ya Jikoni. Jana palikuwa na nyasi, leo panatokota. Kuku wa mtu amezama. Wanawake tumezunguka kando na makapu yetu kichwani.

Jumatatu, 26 Januari

Watu wanatapika nyumba kwa nyumba. Kichwa kinauma, moyo unakwenda mbio, halafu jioni unapona, halafu unakula, halafu unaumwa tena. Malaria haifanyi hivyo. Wengine wanasema ni maji ya mafuriko. Wengine wanasema wazee wamekasirika kwa sababu jiko lao limeingiliwa, na wakisema hivyo wananitazama, kisha wanakumbuka kuwa wao pia makapu yao yako kule.

Mama mkwe amechinja kuku mweupe pembeni ya dimbwi. Matope yakapasuka pwaa, akasema wamekubali. Mimi sikuelewa pwaa hiyo ina tofauti gani na zile nyingine.

Jumatano, 4 Februari

Annonciata ameamka akashindwa kusimama.

Jana alicheza vizuri, alimkimbiza mbuzi uwanjani. Leo asubuhi nimemwita aje anawe, akasema, "Mama, miguu haitaki." Nilimkemea. Mungu anisamehe, nilidhani ni uvivu wa mvua. Nikamwinua, nikamsimamisha, miguu ikakakamaa ikapishana kama mkasi, vidole vimechongoka chini, akaanguka juu yangu. Halii. Anaitazama miguu yake kwa mshangao, kana kwamba ni ya mtoto mwingine. Hana homa. Hana maumivu. Nikimfinya anasikia.

Nimemsugua mafuta, nimemkanda kwa maji ya moto, maji yale yale ya Jikoni. Mama mkwe amekaa upande wa pili wa kitanda na hakusema neno, hata kwa mbuzi. Nilimwuliza, "Mama, hii ni nini?" Akatikisa kichwa. Nilitamani anitukane, angalau ningejua pa kushika.

Kama ni wazee, kwa nini wamchukue huyu ambaye hakuwahi kukanyaga kule? Kama ni ugonjwa, ni ugonjwa gani unaomshika mtoto usingizini na kumwachia macho yake yote?

Ijumaa, 6 Februari

Nimembeba mgongoni mpaka zahanati, maji ya kiuno kwenye daraja. Mganga amegonga magoti ya mtoto kwa kinyundo, yakaruka. Amesema si polio. Nikamwuliza ni nini basi, akasema mama, sijui, barabara ikifunguka mpeleke Mpanda. Akauliza anakula nini. Ugali. Na nini? Kisamvu. "Mpe maziwa, mayai, samaki ukipata."

Nimerudi na vidonge vya vitamini na neno "sijui". Angalau ni msema kweli.

Jumapili, 15 Februari

Baada ya ibada watu walisimama vikundi vikundi. Mtoto wa pili ameshikwa miguu, wa upande wa kijitoni. Halafu mtu mmoja, simtaji, akasema: "Hesabuni nyumba. Ni nyumba gani haijatapika hata mara moja?"

Tukahesabu. Nyumba zote zimeumwa isipokuwa moja. Kwa Malale wote ni wazima, wamenona, watoto wanakimbia.

Nimekuja nyumbani nikiwa nabisha moyoni. Namjua Monika. Lakini hesabu ni hesabu. Mbona wao tu?

Jumatano, 18 Februari

Monika ameleta maziwa jioni kama kawaida. Nilipokea kibuyu, nikasema asante. Yeye akainama kufunga mkanda wa kiatu mlangoni, mimi nikadhani ameshaondoka. Nikayamwaga maziwa uani.

Nilipogeuka alikuwa amesimama ananitazama.  Alichukua kibuyu chake mkononi mwangu, akaenda nacho.

Sijui nimemlinda mtoto wangu au nimemwibia. Najua tu kwamba usiku huu Annonciata ameomba maziwa, nami nimempa ugali.

Jumamosi, 28 Februari

Mvua. Muhogo. Mvua.

Jumapili, 8 Machi

Mkutano wa kitongoji, chini ya turubai la shule. Mwenyekiti wetu, mzee Nathanael, alianza kwa upole, akasema hatuna ushahidi wa mahakamani kwamba Malale ni mchawi. Watu wakapiga kelele kwamba miguu ya watoto ndiyo ushahidi. Malale aliulizwa kwa nini nyumba yake haiumwi. Akasema, "Jamani, mimi nitajuaje? Mnataka niumwe?" Watu walicheka vibaya.

Uamuzi ni kwamba Jumapili ijayo aondoke, yeye na mke na watoto na ng'ombe. Mito imejaa kila upande, sijui wataondoka kwenda wapi. Mzee Nathanael akasema anayekubali anyooshe mkono.

Nilinyoosha. Monika alikuwa amekaa upande wa wanawake, mbele yangu kidogo, hakugeuka. Nadhani alijua.

Alhamisi, 12 Machi

Mbuzi amekufa.

Mchana nilileta makopa kutoka Jikoni, nikaliacha kapu ukumbini, nikaenda kumgeuza mtoto. Nilipotoka mbuzi wa mama mkwe alikuwa ameingiza kichwa chote kapuni, anatafuna. Nilimfukuza kwa mwiko. Akaenda hatua chache, akasimama, akaanza kuhema. Povu mdomoni. Akaanguka kwa ubavu, miguu ikakakamaa imenyooka, na kabla sufuria ya maji haijachemka alikuwa amekwisha.

Majirani walikuja. Wakasema, mnaona? Malale anajua anaondoka, ameanza na mifugo. Wakatikisa vichwa, wakaenda.

Mimi nilibaki nimechuchumaa. Huko Katumba kila mtoto anajua kwamba mbuzi akila maganda ya muhogo mchungu hufa hivyo hivyo, kwa povu na kukakamaa. Ndiyo maana tunayafukia. Lakini makopa yaliyokwisha kuloweshwa mbuzi huyala na hafi. Mama alikuwa akiwatupia vipande vya mwisho.

Nilichukua kopa moja nikanusa. Halinuki. Halijawahi kunuka hata siku moja.

Moto haukuishinda hasira, umeifungia ndani. Umelainisha muhogo tu, tukadhani umevundika, nasi tumekuwa tukiila hasira hiyo tangu Desemba, sahani kwa sahani, na mimi ndiye niliyewaonyesha pa kutumbukiza kapu. Kwa Malale hawaumwi kwa sababu hawali muhogo. Hesabu ni hesabu, nami niliisoma kichwa chini.



Ijumaa, 13 Machi

Sijamwambia mtu. Nimetwanga mpunga kidogo tuliobakiza kwa mbegu, nikakoroga uji wa maji, nimempa Annonciata. Mama mkwe ameona mbegu zimepungua. Alifungua mdomo, akatazama pale mbuzi alipokuwa akifungwa, akaufunga. Hatuna mkalimani tena.

Ikiwa nimekosea nitakuwa nimewatetea wachawi. Ikiwa sijakosea, miguu ya mwanangu ni kazi ya mikono yangu. Natafuta njia ya tatu, sioni. Na wameniita Mama Annonciata majuzi tu.

Jumapili, 15 Machi



Watu walijaa kwa Malale tangu asubuhi. Ng'ombe wameshatolewa zizini, wamesimama kwenye mvua. Monika alikuwa anafunga masufuria kwenye kanga. Nilikwenda na kapu la makopa kichwani na Annonciata mgongoni. Nikaliweka kapu chini mbele ya mzee Nathanael.

Nikasema, "Mzee, hawa hawajamroga mtu. Ni huu muhogo. Ni mimi niliyewafundisha. Haujatoka sumu."

Kelele. Mmoja akasema mgeni anamtetea mgeni mwenzake. Mwingine akasema wewe mwenyewe ulinyoosha mkono, sasa umehongwa ng'ombe? Kunyoosha nilinyoosha.

Basi nikasema, "Hata mimi sijui mambo mengi. Lakini nyie wote mna mbuzi, na nyie wote mna makopa ya Jikoni ndani. Mwenye kuniona mwongo aende amlete mbuzi wake, ampe ale hapa tuone wote."

Nilimtazama yule aliyetuambia tuhesabu nyumba. Ana mbuzi wengi kuliko sisi sote. Alitazama kapu, akatazama upande wa kwake, akapangusa mvua usoni. Hakwenda. Hakuna aliyekwenda. Tukasimama hivyo, ng'ombe wanakojoa, mvua inanyesha, na kila mtu anamfikiria mbuzi wake.

Ndipo mama mkwe akatoka kwenye kundi la wanawake. Sikujua hata kama alikuja.

"Wangu ameshakula," akasema. "Alikula katika kapu hilo hilo, nilikuwa mlangoni, nimeona kwa macho yangu. Kafa na povu. Malale hakuwepo. Na mimi ugali huo nilikula nikaomba nyongeza, kwa hiyo mkimtukana huyu mwanangu, mnitukane na mimi."

Mwanangu! Annonciata akaninong'oneza mgongoni, "Mama, Bibi anasema na nani?"

Watu hawakuomba radhi. Walipungua tu, mmoja mmoja, kila mtu kwa njia yake. Mwanamke mmoja alitema mate karibu na mguu wangu alipopita. Mtoto aliyeshikwa miguu kule kijitoni ni wake. Nilisimama pale pale, sikuwa na haki ya kusogea.

Malale akarudisha ng'ombe zizini. Monika akafungua kanga, akatoa sufuria moja moja. Hakunitazama.

Jumatano, 1 Aprili

Hakuna anayepeleka kapu Jikoni. Watu wanakula majani, samaki wa mafuriko, chochote. Kutapika kumekoma. Mama mkwe anasema ni yule kuku mweupe, wazee huwa wanachelewa kujibu. Mimi nasema ni muhogo. Tumepona wote wawili, sibishani naye. Tunaongea sasa, na kusema kweli nyakati nyingine namkumbuka mbuzi.

Jumapili, 12 Aprili

Pasaka. Hilari amefika kwa miguu. Amemwita binti yake aje amkumbatie, na mimi ndiye niliyelazimika kumweleza kwa nini haji. Alikaa chini ya ukuta. Halafu akasema, "Na wewe ulikuwa peke yako." Sikutegemea neno hilo, nimelia mpaka wakanipa maji.

Alhamisi, 7 Mei

Mpanda wamemwona. Daktari anasema haitazidi, lakini haitaondoka. Miguu itabaki hivyo. Amesema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetaja bei.

Jumatatu, 11 Mei

Nimekwenda kwa Monika. Nilikuwa na maneno mengi, yakaniishia mlangoni. Nikasema tu, "Mama Masalu, naomba maziwa ya mtoto."

Akamimina kwenye kikombe. Nilinyoosha mkono kupokea, akakirudisha nyuma.

"Mlete anywe hapa," akasema. "Anywe nikimwona."

Nikarudi, nikambeba, nikampeleka. Alikunywa yote, na Monika alimtazama mpaka tone la mwisho.

Jumapili, 31 Mei

Malale amechonga fimbo ndogo ya mninga, imefika kwapani kwa Annonciata bila kupimwa. Sasa anakwenda mwenyewe kwa Monika kila jioni, kwa ncha za vidole, magoti yanagusana. Ninasimama mlangoni namwangalia. Natamani kukimbia nimbebe, lakini mama mkwe ananishika gauni.

Jumatano, 17 Juni

Jua. Kijito kimerudi mahali pake, maji mpaka kwenye shavu la mguu. Nimelowesha muhogo tangu Jumapili, leo nimekwenda kuutoa. Wanawake wengine wako pale pale na viroba vyao. Muhogo wa maji ya moto wameupa jina, wanauita "muhogo wa Mgeni", na hawashushi sauti nikiwepo. Sijui kama ni tusi au ni onyo kwa watoto wao. Nimekubali liwe onyo.

Annonciata alinifuata na fimbo yake. Nilimsikia kabla ya kumwona, fimbo kwanza, kisha miguu inayokwaruza mchanga. Nilipofungua kiroba harufu ikapanda, akaziba pua kwa mkono wake wote.

"Mama! Unanuka!"

Wale wanawake wakageuka kunitazama.

"Acha unuke," nikamwambia. "Acha unuke, mwanangu."